Watu Watatu wa Shaba wa Kenyatta Avenue

Kijana aliyeanzisha mjadala hakuwa mmoja wetu. Alikuwa ameketi ukingoni akimsubiri mtu, simu mkononi. Aliponisikia nikiwaambia wanafunzi kwamba sanamu ya Askari imesimama pale tangu 1928, aliinuka akauliza kwa sauti iliyowageuza hata wapita njia: "Na mbona hatukuibomoa?"

Nimelibeba swali hilo tangu Jumamosi ile ya Februari. Naandika yaliyotokea katika dakika arobaini zilizofuata, kwa sababu naamini zilinifunza kazi ya sanamu mjini kuliko miaka yote niliyowatembeza wanafunzi.

Kila mwezi huwa nawachukua wanafunzi wachache wa sekondari kutoka mitaa ya Eastlands, tunatembea katikati ya mji kwa miguu. Tunaanzia kwa Kimathi, tunamalizia kwa Askari. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu Kimathi anyongwe na Waingereza katika gereza la Kamiti. Ameshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, na jina lake liko kwenye kibao cha barabara. Hapo wanafunzi hawahitaji kuelezwa sana. Wanapiga picha, wanauliza kaburi lake liko wapi, nawajibu kwamba mwili haujawahi kutolewa kwa familia, tunanyamaza kidogo, tunaendelea. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu hadi Kenyatta Avenue, ambako katikati ya njia mbili za magari wamesimama wanaume watatu wa shaba juu ya kitako cha mawe: askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, mpiganaji wa kikosi cha Waarabu kutoka pwani, na mpagazi. Wengi hupita pale kila siku bila kuinua macho. Neno lenyewe askari limehama: mtoto wa Nairobi akilisikia anamfikiria mlinzi wa geti au watu wa kanjo wanaofukuza wachuuzi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama sanamu ile ni ya mabawabu.

Siku hiyo msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa amekaribia kitako cha mawe, akifuata maandishi kwa kidole, herufi moja moja, midomo ikicheza. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kwa ufupi, yanasema kwamba hii ni kumbukumbu ya askari Waafrika waliopigana, ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika Afrika ya Mashariki, kwenye Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Yanamalizia kwa ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Alipofika hapo alisimamisha kidole. Akazunguka nyuma ya kitako, akarudi upande wa pili, akaniangalia. "Mwalimu, majina yako wapi?"

Hakuna jina hata moja. Nimesimama pale mara zisizohesabika na kuisoma ahadi ile kwa sauti, na sikuwahi kuzunguka nyuma kuyatafuta majina. Kabla sijamjibu ndipo yule kijana akauliza lake.

Alikuwa na hoja, na nataka niieleze kwa haki. Watu hawa, alisema, walipigana vita vya wazungu dhidi ya wazungu. Mfalme anayetajwa pale hakuwa mfalme wetu. Tena King's African Rifles ndio walioingizwa misitu ya Aberdare na Mlima Kenya miaka ya hamsini kuwawinda watu wa Kimathi. Bibi yake alifungiwa katika kimoja cha vijiji vya wakati wa Hali ya Hatari huko Murang'a, vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na hadi anakufa hakupenda kuiona sare ya kaki. "Kimathi yuko hapo nyuma tu. Inakuwaje aliyewindwa na waliomwinda wote wana sanamu, mtaa mmoja?"

Wanafunzi walinitazama mimi. Nikaanza kujibu kimwalimu, kwamba sanamu ni ya vita vya kwanza na Mau Mau walikuja zaidi ya miaka thelathini baadaye. Ni kweli, lakini halikuwa jibu. Sare ni ile ile, na bibi wa mtu hatazami tarehe.

Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe ya mviringo alikuwa amesimama kivulini akisikiliza. Akasogea. "Mwanangu," alimwambia kijana, "huyo aliyesimama hapo na bunduki ni babu yangu." Hakuwa na maana kwamba sura ni ya babu yake. Yeye ni Mnubi wa Kibra. Wanajeshi wa Kisudani waliletwa na Waingereza tangu miaka ya 1890, wakawa msingi wa King's African Rifles, na badala ya pensheni wakaonyeshwa msitu nje ya mji wajenge humo. Mahali hapo wakapaita Kibra. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari elfu nne na zaidi kidogo. Hawakupewa hati. Uhuru ulipokuja serikali mpya ikawaona kama wakaazi wa ardhi ya umma, na vijana wao wakawa wanaitwa mbele ya kamati za kupigwa msasa kila wanapoomba kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewanyima watoto wa Kinubi haki ya uraia. Mwaka 2017 jamii ilikabidhiwa hati ya ekari 288.

"Unasema wabomolewe," mzee akaendelea, sauti haijapanda hata kidogo. "Mimi nikienda kuchukua kitambulisho niliulizwa babu yako alizaliwa wapi. Mzungu alisema babu yangu si wa hapa, ni wa jeshi. Mwafrika akasema babu yangu si wa hapa, ni wa mzungu. Mahali pekee katika mji huu panaposema babu yangu alikuwapo ni hapa. Ukibomoa, mimi nitaonyesha nini?"

Kijana hakujibu upesi. Nami, nakiri, nilitazama saa. Tulikuwa na dakika kumi kabla ya matatu tuliyokodi kuja kutuchukua, na niliona kundi la watu limekua, nikaogopa kanjo watatuuliza kibali. Nikafungua mdomo kuwashukuru wote na kuondoka. Hilo ndilo kosa ninalojutia zaidi siku ile. Lililoniokoa ni mzigo.

Mama mmoja alikuwa anavuka barabara na furushi kubwa la viondo mgongoni, kamba imempita kwenye paji la uso. Taa zikabadilika, akashindwa kumaliza kuvuka, akapanda ukingo wetu na kuushusha mzigo chini ya kitako cha sanamu apumzike. Aliuegemeza upande wa mpagazi. Hakupachagua, ndipo palipokuwa na nafasi. Lakini wanafunzi waliona, na yule msichana wa kidato cha pili akamwambia, "Mama, huyo hapo juu naye alikuwa anabeba mizigo."

Mama aliinua macho. Akauliza ni nani. Nikamwambia: ni watu wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, wale ambao Kariokor imechukua jina lao. Akacheka, kwa sababu yeye anauza Kariokor, ana meza sokoni, anashona ngozi kwenye midomo ya viondo. Kisha akaacha kucheka. Akasema kwao Siaya neno hilo walilijua kabla hawajajua kama kuna soko. Baba yake babu yake alienda Kariokor. Ndivyo nyumbani walivyosema: alienda Kariokor, kama vile mtu anavyosema alienda Kisumu. Walimchukua mwaka wa watu wengi, akiwa na mtoto mmoja wa kiume anayeanza kutembea. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amekufa. Wakangoja. Mtoto alipokaribia kuoa, wazee wakasema haiwezekani kuendelea hivi, nyumba haina baba na haina kaburi. Wakachimba kaburi, wakatafuta tunda la mwegea, lile refu zito, yago kwa Kijaluo, wakalizika kama mtu.

"Tumezika tunda," alisema. "Kaburi liko mpaka leo, tunalipalilia."

Taa zilibadilika mara tatu au nne kabla hajaubeba tena mzigo wake.

Msomaji anahitaji kuujua mwaka huo wa watu wengi. Vita vilipoanza Agosti 1914, nchi hii haikuwa hata na jina la Kenya. Ilikuwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, na haikuitwa Kenya mpaka ilipofanywa koloni mwaka 1920. Upande wa pili wa mpaka walikuwa Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, ambaye hakukubali kupigana mahali pamoja. Aliwavuta Waingereza kusini, wakamfuata kwenye nchi isiyo na reli wala barabara, nchi ya mbung'o ambako farasi na punda walikufa kwa maelfu. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Risasi, unga, dawa, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na watu, mzigo wa kilo ishirini na tano hivi kwa kila mmoja. Waingereza waliandikisha karibu watu milioni moja kutoka Afrika ya Mashariki na nchi jirani. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 ndipo machifu waliposombesha vijana kijiji kwa kijiji. Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga usioiva uliopikwa haraka kwa watu wasiouzoea. Hesabu za serikali yenyewe zilifika vifo zaidi ya 90,000, na wanahistoria wanaziona ndogo.

Sasa rudi kwenye maneno ya kitako. Nchi yako. Mwaka huo huo wa 1915 ambao sheria ilimfanya kijana wa Siaya au Machakos awe wa kuchukuliwa, sheria nyingine ya ardhi ilitangaza kwamba hata ardhi aliyolima baba yake ni mali ya mfalme. Kwa karatasi, basi, mpagazi yule alibeba mzigo kwa ajili ya nchi ambayo alikuwa mpangaji tu ndani yake. Na vita vilipokwisha, mwaka 1919, serikali iligawa mashamba kwa wanajeshi wa zamani, wazungu. Mwafrika aliyerudi alipewa kipande, si cha ardhi bali kitambulisho cha kazi, cha kuvaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Mishahara ya maelfu waliokufa haikudaiwa, kwa sababu hakuna aliyewaambia jamaa zao wadai, ikabaki serikalini. Miaka mitatu na kitu baada ya vita, Machi 1922, watu walikusanyika penye kituo cha polisi, si mbali na sanamu ilipo leo, kudai Harry Thuku aachiliwe, yeye aliyekuwa akipinga kipande na kodi. Wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikufa pale na wengine zaidi ya ishirini. Sanamu ya shukrani ilisimamishwa miaka sita baadaye.

Kwa hiyo kijana wa Murang'a alikuwa sahihi kukasirika. Nami naona alikasirikia kidogo kuliko inavyostahili, kwa maana ahadi ya kitako ni jambo zito kuliko mfalme.

Maneno yale yalitungwa na Rudyard Kipling. Alikuwa mshauri wa tume ya Uingereza ya makaburi ya vita, na yeye mwenyewe alikuwa amempoteza mwanawe wa kiume wa pekee, John, kijana wa miaka kumi na minane, kwenye mapigano ya Loos, Ufaransa, Septemba 1915. Hadi baba anakufa, mwili haukuwa umepatikana. Alimtafuta kwa miaka, akiuliza hospitali hadi hospitali. Alijua maana ya jina kwa mtu asiye na kaburi. Sera ya tume ilikuwa kwamba kila aliyekufa atawekewa jina lake, mkubwa na mdogo sawa, na ukienda Voi au Taveta utayakuta mawe ya Wazungu yamepangwa safi, kila moja na jina. Wapagazi hawakupata. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Novemba 2023 Mfalme Charles alifika kwenye makaburi ya kijeshi ya Kariokor, mwendo mfupi tu kutoka meza ya yule mama.

Kipling, kwa hiyo, aliwaandikia watu hawa ahadi ambayo watu wa tume yake walikuwa wameshaamua kutoitimiza. Siandiki hili kumshtaki, nafikiri aliyaamini maneno yake. Lakini jiwe liliandikwa kwa Kiswahili ili tulisome, na tukilisoma linatuambia kitu ambacho hakuna kitabu cha darasani kilichonifundisha: hapa palipaswa kuwa na majina.

Nairobi ina uzoefu wa kuamua sanamu ipi ibaki. Uhuru ulipoingia, sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kizungu, iliondolewa barabara hii hii, ambayo wakati huo iliitwa kwa jina lake, ikapelekwa shambani Soysambu. Malkia Victoria wa Jeevanjee Gardens, aliyetolewa zawadi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, aliangushwa na kuvunjwa kichwa mwaka 2015, na sikumwona mtu aliyesimama pale kulumbana. Watatu wa shaba waliachwa, nadhani kwa sababu sura zao ni zetu. Lakini kuachwa si kukaribishwa. Tuliwaacha pale bila kuamua kama ni wetu.

Ukitaka kuona sanamu iliyofikiriwa upya, nenda Freedom Corner, Uhuru Park, ukaangalie ukumbusho wa Mau Mau uliozinduliwa Septemba 2015. Uligharamiwa na Uingereza, kama sehemu ya makubaliano ya 2013 yaliyowalipa wazee 5,228 waliokuwa wameteswa. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na nyuso zao zimegeuzwa pande mbili, kila mmoja asimwone mwenzake, ili hata akiteswa asiwe na jina la kutaja. Nafikiri sana juu ya sanamu hizi mbili. Kule jina lilifichwa na wenyewe ili waokoane. Hapa jina liliachwa na wakubwa kwa sababu halikuwa na gharama kwao kuliacha. Ukimya unafanana, chanzo hakifanani hata kidogo, na mwalimu asiyetofautisha viwili hivyo atawapoteza watoto wa watu.

Nimeulizwa na wenzangu: basi unasema nini, ibaki au iondoke? Baada ya Jumamosi ile nasema ibaki, na nasema hivyo kwa sababu ya yule kijana, ambaye alitaka iondoke. Bila swali lake mzee wa Kibra angebaki kivulini. Bila mzee kusema, kundi lisingekuwepo, mama angeshusha mzigo na kuubeba tena bila kuinua macho. Watu watatu wasiojuana, Mkikuyu, Mnubi na Mjaluo, walisimama mbele ya shaba ile wakagundua kwamba kila mmoja ana mtu wa kwao kwenye habari hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeombwa aache uchungu wake ili mwingine apate nafasi. Kijana hakubadili msimamo. Alipokuwa anaondoka alimwambia mzee, "Sijakubali, mzee wangu, lakini nimekusikia," akampa mkono kwa heshima, wa kushoto ukishika kiwiko. Kwangu hiyo ni nyingi.

Ila kubaki kimya kama ilivyo, hapana. Sanamu ikiachwa bila mtu wa kuisemea inarudi kuwa kituo cha njiwa. Ningependa kaunti na makumbusho ya taifa waweke pale ubao wa maelezo kwa Kiswahili cha leo: wangapi walichukuliwa, kwa sheria ipi, walikufaje, Kibra na Kariokor zilipataje majina yake. Kazi ya kutafuta majina kwenye madaftari ya zamani imeanza, na majina yakipatikana yasiishie kwenye mtandao wa London. Yaletwe hapo barabarani.

Mimi nimebadilisha matembezi yangu. Hatumalizii tena Kenyatta Avenue. Tunaendelea hadi Kariokor, tunakula, tunakaa sokoni. Tena nimewapa wanafunzi daftari moja kubwa la mistari. Kazi ya likizo ni kuuliza nyumbani: kuna mtu wa ukoo aliyeenda Kariokor na hakurudi? Aliitwa nani? Daftari halina watu wengi bado. Wengi wanarudi na jibu kwamba alikuwepo mtu, lakini jina limepotea na waliolijua.

Yule mama nilimwachia nambari yangu. Wiki mbili zikapita, nikadhani amesahau. Akapiga jioni, nyuma yake nasikia soko linafungwa, vyuma vinagongana. Alikuwa amempigia shangazi yake Siaya, bibi wa miaka zaidi ya themanini, kumuuliza jina la aliyezikwa kwa tunda. Shangazi alishangaa kwamba hajui. Akamwambia jina lile halijawahi kukaa bila mtu: alipewa mtoto wa kwanza aliyezaliwa baada ya kaburi kuchimbwa, yule alipokufa akapewa mwingine, na sasa liko kwa mjukuu wa kaka yake, yuko Gredi ya Nne.

"Ni yule tunayemtuma dukani," aliniambia. Kisha akanitajia jina, herufi kwa herufi, akangoja nimalize kuandika.